Moshi wa jikoni: Mama zetu vijijini wanatudai

 

 Ndugu msomaji, katika Surat al-Waaqia, aya ya 71 hadi ya 73, Mwenyezi Mungu anatutaka tuutazame moto tunaouwasha, tujiulize ni nani aliyeuotesha mti wake. Kisha anatujulisha kuwa ameujaalia kuwa ukumbusho na manufaa kwa wenye kuuhitaji. Moto basi ni neema. Bila moto hakuna wali, hakuna uji wa mgonjwa wala maji ya kumkandia mzazi.

Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kuishukuru neema hiyo, ndiye huyo huyo aliyetutahadharisha nayo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku watu wake wakiwa ndani. Alipopewa habari zao, aliwaeleza Maswahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaagiza wauzime kabla ya kulala.

Neema na adui katika kitu kimoja. Hili ndilo somo ninalotaka tulizingatie wiki hii. Wengi wetu tunapousikia uadui wa moto tunafikiria nyumba kuteketea. Hatufikirii ule uadui wa kimya kimya, wa kila siku, asubuhi na jioni, ambao hauunguzi paa bali unaunguza mapafu. Nazungumzia moshi wa kuni na mkaa katika majiko ya vijijini kwetu, na wajibu wetu sisi tunaoishi mijini ambao jikoni kwetu mtungi wa gesi umesimama pembeni.

Moshi una nini ndani yake?

Tuanze na elimu yenyewe, kwa sababu jambo usilolijua huwezi kulihukumu. Kuni zikiungua vizuri kabisa, kinachotoka ni joto, mvuke wa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Lakini jiko la mafiga matatu haliunguzi kuni vizuri. Hewa haiingii ipasavyo, kuni mara nyingi ni mbichi au zina unyevu, na sehemu kubwa ya kuni inapaa hewani kabla ya kuungua sawasawa. Kile kinachopaa ndicho tunachokiita moshi.

Ndani ya moshi huo mna mambo mawili ya kuyajua. La kwanza ni chembe laini mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa zaidi ya mara 20 ya chembe hiyo. Vumbi la kawaida la barabarani pua hulizuia, tukapiga chafya, yakaisha. Chembe hizi hazizuiliwi na pua wala koo. Zinashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu mahali damu inapopokea hewa, na nyingine huingia katika damu yenyewe. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi, bali unafika mpaka kwenye moyo na ubongo.

La pili ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hii haina rangi wala harufu. Ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni huikamata hewa hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikamata oksijeni. Mtu anapoivuta kwa wingi, damu yake inajaa mzigo usiofaa na mwili unakosa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka. Ndugu zetu wa Makete, Njombe na Lushoto wanaijua baridi ya kwao. Mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha apate joto, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, na kwa sababu hiyo watu wanauamini. Ukweli ni kwamba mkaa unatoa hewa hiyo kwa wingi. Yale mafundisho ya kuzima moto wakati wa kulala, karne 14 zilizopita, yanaokoa roho hadi leo kwa atakayeyafuata.

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika miongozo yake ya mwaka 2021 limeweka kiwango cha chembe hizo laini kisichopaswa kuzidi wastani wa mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku moja. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri, moshi wa jikoni unaweza kufikisha chembe hizo hadi mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Tafakari, ndugu yangu. Humo ndimo mama anamokaa akipika ugali na mboga, mtoto mchanga akiwa amefungwa mgongoni kwa kanga.

Maradhi yanayotokana na moshi huo

WHO ilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na uchafuzi wa hewa majumbani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Hawa hawakufa kwa vita wala kwa mafuriko. Wamekufa kwa nimonia, kwa ugonjwa wa mapafu usiopona unaomfanya mtu akose pumzi kila anapotembea, kwa maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Tena yako madhara yasiyohesabika katika vifo: mtoto wa jicho unaowatia upofu mama zetu, watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na majeraha ya moto ya watoto walioangukia mafiga.

Hapa kwetu Tanzania, zaidi ya kaya nane katika kila kumi zimekuwa zikitegemea kuni na mkaa kupikia. Vijijini ni kuni zaidi, mijini ni mkaa. Kwa hiyo hatuzungumzii tatizo la kijiji kimoja au mkoa mmoja. Tunazungumzia hali ya umma.

Na ni nani hasa anayekaa katika moshi huo? Si baba. Baba yuko barazani, anasubiri chakula. Ni mama, ni binti aliyeachishwa kipindi cha jioni cha madrasa ili akatafute kuni, na ni mtoto anayenyonya. Inasikitisha kuwa mwenye kuumia hana sauti katika matumizi ya fedha za nyumba, na mwenye sauti haumii. Hapo ndipo penye siri ya kwa nini jambo hili limechukua muda mrefu kushughulikiwa. Lau kama moshi ungekuwa unaingia barazani, majiko yangekuwa yamebadilishwa zamani.

Macho mekundu

Ipo habari moja ambayo kila ninapoikumbuka nahisi uzito. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi, na hasa miaka ya 1990 na ya 2000, vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi. Moja ya "dalili" walizokuwa wakihukumiwa kwayo ilikuwa ni kuwa na macho mekundu.

Macho yale yalitoka wapi? Bibi yule alikuwa amepika kwa miaka 50 au 60 katika nyumba isiyo na dirisha. Miti ilipopungua, akapikia samadi ya ng'ombe na mabua, ambavyo moshi wake ni mkali zaidi ya ule wa kuni kavu. Moshi uliyachoma macho yake akiwalisha watoto na wajukuu. Kisha macho yale yale yaliyoharibika kwa kuwahudumia wengine, yakafanywa ushahidi wa kumuua.

Nimeitaja habari hii si kwa kuwadharau watu wa mikoa hiyo, maana wengi wao waliupinga uovu huo na waliutolea mhanga muda wao. Nimeitaja ili tuone namna ujinga wa jambo dogo, yaani sababu ya jicho kuwa jekundu, unavyoweza kumwaga damu. Anayewafundisha watu kuwa moshi ndio unaofanya macho mekundu hafundishi afya peke yake. Anabomoa itikadi potofu, na hiyo ni kazi ya dini yetu tangu siku ya kwanza.

Tusidanganyane kuhusu tiba

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu nishati safi hawalisemi. Watu husikia kuwa moshi unaua, wakadhani kuwa ukigawa majiko mapya leo, kesho wodi za watoto zitakuwa tupu. Utafiti hausemi hivyo, na sisi tumeamrishwa kusema kweli.

Nchini Malawi ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji 150, uliohusisha watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa yanayotumia kuni kidogo na yenye feni ya kupuliza moto. Matokeo yalipochapishwa, ilionekana kuwa majeraha ya moto yalipungua, lakini nimonia kwa watoto haikupungua.

Watafiti wengine wakasema: basi kuni zenyewe ziachwe, tutumie gesi. Utafiti ukafanyika katika nchi nne, Guatemala, India, Peru na jirani zetu Rwanda, ukihusisha wajawazito wapatao 3,200. Nusu walipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Chembe laini walizokuwa wakivuta zilishuka kutoka mikrogramu 70 hivi hadi 24 hivi. Huo ni upungufu mkubwa. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana, na yale ya mwaka 2024 yakaonyesha kuwa nimonia kali kwa watoto wachanga nayo haikutofautiana.

Je, ina maana moshi hauna madhara? Hasha. Nchini China, katika eneo la Xuanwei, wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakipata saratani ya mapafu kwa kiwango cha kutisha kwa sababu ya kupikia makaa ya mawe ndani ya nyumba bila bomba la kutolea moshi. Waliofunga majiko yenye bomba walifuatiliwa kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa saratani ilipungua sana. Ila faida hiyo ilidhihiri baada ya miaka kama 10.

Mimi nayachukua mafunzo matatu hapo. Kwanza, mwili ulioharibiwa kwa miaka hautengenezwi kwa miezi. Mwenye kuanza leo anamtengenezea binti yake mapafu ya uzeeni. Pili, nyumba moja haitoshi. Jirani akiendelea na kuni, takataka zikichomwa uani, kibatari kikiwaka usiku, moshi ule ule unarudi kupitia dirishani. Mikrogramu 24 bado ni nyingi kuliko kiwango cha WHO. Kijiji kinasafika kwa pamoja au hakisafiki. Tatu, jiko safi haliondoi haja ya chanjo kliniki, lishe bora na kumwahisha mtoto hospitali anapohema kwa shida. Mtu asije akanunua mtungi wa gesi halafu akaacha kadi ya kliniki kabatini.

Sheria inasemaje?

Huenda msomaji akauliza, haya na dini yana uhusiano gani? Uhusiano wake ni mkubwa.

Wanazuoni wetu wameeleza kuwa sheria ya Kiislamu imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Moshi unagusa nafsi na kizazi moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haifai kujidhuru wala kudhuriana, na kutokana na mafundisho hayo wanazuoni wakatoa kanuni kwamba madhara huondolewa. Katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Zamani tulikuwa hatujui kinachoendelea ndani ya mapafu, na asiyejua ana udhuru. Leo tunajua. Mwenye kujua na mwenye uwezo hana tena pa kujificha.

Kisha liko suala la mama. Sote tunaikumbuka habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani anayestahiki zaidi kutendewa wema, akamtajia mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Hebu tujipime hapo. Uko Magomeni, Temeke au Ilala. Mkeo anageuza kitufe, moto wa buluu unawaka, chai iko tayari. Mama yako yuko Kilwa, Rufiji, Tunduru au Kondoa, ameinama juu ya mafiga anapuliza, machozi yanamtoka na kikohozi hakimwishi. Kila ukipiga simu unamsikia anakohoa, unamwambia "pole mama, nitakutumia hela ya dawa". Dawa ya nini, ndugu yangu, ikiwa kinachomkohoza unakijua na kila siku kinarudi mara tatu?

Lipo na jambo la tatu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wanashirikiana. Wanazuoni wana maelezo marefu juu ya mipaka ya ushirika huo. Lakini maana yake kwa ujumla iko wazi kwamba vitu ambavyo uhai wa watu unavitegemea havifai kuwa vya wenye nguvu peke yao. Nishati ndio moto wa zama hizi. Kuidai ifike kijijini kwa bei ambayo maskini anaiweza si siasa za vyama. Ni haki.

Kwa nini mtungi unageuka kigoda?

Tuwe waadilifu, jitihada zimefanyika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005 na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaanza kazi mwaka 2007. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa na mingine kuuzwa kwa bei ya ruzuku. Taasisi zinazolisha watu kuanzia 100 nazo ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa.

Pamoja na hayo, nenda kijijini ukaangalie ule mtungi. Mara nyingi utaukuta kwenye kona ya chumba, umefunikwa kitambaa, au umegeuzwa kigoda. Kilichoisha ni gesi. Kuujaza kunataka fedha taslimu kwa mkupuo mmoja, na mkulima fedha anaipata wakati wa mavuno. Kuni zinaokotwa bure, na mkaa unauzwa kwa kopo. Pia kituo cha kujaza kiko mjini, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni gharama nyingine. Mwenye kugawa mtungi bila kufikiria ujazo wa pili amegawa chuma.

Nao umeme kufika kijijini si sawa na kufika jikoni. Nguzo inapita mbele ya nyumba, ndani kuna taa mbili na chaja ya simu. Hata hivyo hapa nina matumaini makubwa, maana majiko ya umeme ya presha yamebadilisha hesabu. Sufuria yake imefungwa na joto halipotei. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva humo kwa chini ya uniti moja ya umeme. Wale wanaosema maharage yanafilisi umeme wanazungumzia jiko la koili la zamani.

Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wa zizini, ipo biogesi. Samadi na maji vinatiwa katika mtambo uliofukiwa ardhini, vijidudu vinavichachua bila hewa, gesi inatoka kwa bomba hadi jikoni na mabaki yake ni mbolea nzuri shambani. Mtambo unagharimu kuujenga, lakini gesi yake hainunuliwi tena. Na kwa mwanga, taa ndogo ya sola inatosha kukiondoa kibatari, ambacho masizi yake vijana wetu wa madrasa huyavuta usiku wakihifadhi Qur'an.

Hofu ya gesi kulipuka nayo isidharauliwe. Ina majibu yake. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Mpira na kichwa chake vikaguliwe kwa povu la sabuni, siyo kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, usiwashe wala usizime taa. Mama afundishwe haya siku ile ile anapopelekewa mtungi, tena kwa upole, na aonyeshwe kwa vitendo mpaka mwenyewe aseme ameelewa.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matano, yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mmoja aanze na mzazi wake. Idi hii badala ya kupeleka kitenge cha tatu, peleka jiko. Lakini usipeleke jiko peke yake. Kubaliana na muuza gesi au mwenye bodaboda wa pale karibu, umlipe wewe kwa simu kila mtungi unapoisha. Kama umeme upo, peleka jiko la presha na uwe unamtumia mama uniti kama unavyomtumia vocha.

Pili, misikiti yetu ya mijini ianzishe wakfu wa majiko. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Utaratibu huo tunaweza kuufuata. Watu wa msikiti mmoja wachange mtaji, uwekwe katika chumba cha biashara au mradi halali, asili ibaki na faida yake ijaze mitungi ya wajane na wazee wa kijiji kimoja kilichochaguliwa. Kijiji kimoja kwa ukamilifu ni bora kuliko vijiji 20 vya kupigia picha. Ama suala la kutumia fedha za zaka kwa kazi hii, hilo waulizwe masheikh wenye elimu yake, maana zaka ina wenyewe waliotajwa.

Tatu, taasisi zetu wenyewe zisafike. Shule zetu za bweni, vituo vya yatima na madrasa zinazolisha wanafunzi bado nyingi zinapikia magogo. Wale akina mama wapishi wanasimama juu ya sufuria kubwa tangu alfajiri, na tunawalipa ujira mdogo. Je, tunangoja mkaguzi wa Serikali aje atufundishe kumhurumia mfanyakazi? Na walima na maulidi yetu je, ambapo pilau la watu 500 linapikwa kwa kuni za gari zima? Kamati ya shughuli ikodi majiko makubwa ya gesi. Hilo nalo ni katika ihsani.

Nne, wanaume tuingie jikoni. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahali zake. Mwanaume akipika kwa mafiga kwa wiki moja tu, hatahitaji tena semina ya nishati safi.

Tano, kwa wale ambao leo hawawezi kabisa kuacha kuni, wasiachwe bila kitu. Wapikie nje inapowezekana au watoboe dirisha na tundu la juu la kutolea moshi. Kuni zikaushwe vizuri kabla ya kuwashwa, chungu kifunikwe, na mtoto mchanga asifungwe mgongoni wala kulazwa karibu na jiko. Haya hayaondoi madhara yote, lakini anayeshindwa kufikia yote haachi yote.

Maimamu nao nawaomba Ijumaa moja waipandishe mada hii mimbarini. Tumesikia khutba nyingi kuhusu moto wa Akhera, na tunahitaji kuendelea kuzisikia. Lakini anayeogopa moto wa Akhera ana haki ya kuulizwa amefanya nini kuhusu moto unaomdhuru mama yake duniani, naye alikuwa na uwezo wa kuubadilisha.

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, mpigie mama simu. Baada ya salamu usimuulize kama ana shida, maana mama zetu hawasemi shida. Muulize: "Mama, leo umepikia nini?" Usimaanishe mboga. Maanisha moto. Akikujibu, utakuwa umejua pa kuanzia.

Wabillahi tawfiiq.